Mturuki wa Wawira na Wabolivia wa Padre

Runyenjes
11 Februari 2024

Kwa ndugu yangu Padre Muthamia,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kama haitakukuta basi ujue si kosa la posta, ni wewe umehama bila kuniambia. Sisi huku tuko hai. Mume wangu Mutegi anakusalimu. Goti lake limestaafu kabla yake, kwa hiyo siku hizi anakagua kahawa akiwa ameketi. Wifi yangu Wambeti amechaguliwa tena kuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya. Uchaguzi ulifanyika nikiwa nimetumwa jikoni kuangalia kama chai imechemka.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu mara ya mwisho nilipoandika Kimeru uliniambia nimekuwa Mwembu. Hapa Runyenjes nikifungua mdomo wanasema mimi ni Mmeru. Kiswahili hakina mwenyewe, hebu tukae humo. Na simu tulishakubaliana haitufai. Kabla chai haijapoa mmoja wetu huwa amekata.

Jambo lenyewe ni hili. Wawira, binti yangu uliyembatiza mwenyewe, amepata mchumba huko Ujerumani. Nilipoambiwa nilishukuru Mungu. Nilidhani ni Mjerumani, au hata Mkenya mwenzake wa kule, hata awe wa Kisii. Ni Mturuki.

Unajua nimefundisha Jografia mpaka nikastaafu, kwa hiyo sikulia. Nilifanya utafiti. Waturuki walianza kwenda Ujerumani mwaka 1961, kuchimba makaa na kuyeyusha chuma. Wajerumani wakawaita wafanyakazi wageni, maana yake njoo ufanye kazi, halafu urudi kwenu. Hawakurudi. Sasa wapo wajukuu waliozaliwa pale, na bado wanaulizwa wametoka wapi. Shuleni wanasukumwa kwenye madarasa ya ufundi, wakiomba nyumba wanaambiwa imeshachukuliwa. Haya yote nimeyasoma, siyatungi. Binti yangu ni mgeni tayari. Akiolewa na mgeni mwingine, watazaa nini? Mgeni mara mbili?

Halafu nikakumbuka wewe una Wabolivia. Miaka hiyo yote umekuwa ukiniandikia habari zao huko Ajentina: wanalima mboga, wanakwenda misa, wanambeba Bikira Maria barabarani kwa ngoma na mavazi ya kung'aa. Hao ni watu ninaoweza kuwaelewa. Wakulima na Wakatoliki. Mbona usinitafutie mmoja? Sina masharti mengi. Awe na meno na asiwe na mke.

Nijibu upesi, na unieleze parokia yako inaendeleaje.

Dada yako,
Karwirwa


Nje ya mji wa La Plata
2 Aprili 2024

Dada Karwirwa,

Salamu nyingi. Huku baridi imeanza kuingia na saladi imependeza sana, majani mapana kama masikio ya tembo. Mwambie Mutegi pole ya goti. Mwambie pia wako wanaume waliokagua mashamba wakiwa wameketi na wakachaguliwa kuwa wabunge. Parokia iko mahali pake.

Nimepokea oda yako ya Mbolivia. Nasikitika kukuambia kwamba ghala ni tupu. Vijana wenye meno wameshachukuliwa, na waliobaki wana mama zao. Mama wa Kibolivia, dada, ni wewe mwenyewe ukivaa sketi nyingi.

Lakini kwa kuwa umefanya utafiti, na mimi nichangie. Mbolivia akifika huku anaanza kuwa kibarua kwenye shamba la mtu. Akistahimili, anapewa kipande alime nusu kwa nusu na mwenye shamba. Baadaye anakodi kipande chake, kisha anapata meza ya kuuzia sokoni. Kuna masoko makubwa ya mboga ambayo sasa ni yao kabisa. Ukila nyanya Buenos Aires, uwezekano ni mkubwa kwamba imeshikwa na mkono wa Mbolivia. Karatasi za kuishi wanazipata bila kusumbuliwa sana. Mpaka hapo unaona nilikudanganya nini? Ni watu wa kuoa kwao.

Sasa nenda ukaone wanapolala. Nyumba za mbao. Si kwamba hawajui kujenga, hawa ndio wanaowajengea wengine. Ardhi ni ya kukodi na mwenyewe hakubali mtu ajenge kwa tofali, asije akakaa. Mtu anakaa pale mpaka watoto wanaota ndevu, nyumba bado ni ya mbao, tayari kuvunjwa kesho. Na shuleni wale watoto wanaitwa jina ambalo sitaliandika, kwa sababu barua hii inapita mikononi mwa watu wa posta.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, linganisha vizuri. Mturuki wa Ujerumani ana nyumba ya tofali na alisubiri karatasi mpaka akaota mvi. Mbolivia wa huku anapata karatasi na hapewi tofali. Wewe chagua, karatasi au tofali. Mimi nikiangalia naona wote wawili wamekaa mkao wa mtu ambaye hajaambiwa karibu.

Huyo kijana ana jina? Barua nzima umemwita Mturuki, kama vile wameletwa kwa gunia.

Ndugu yako,
Muthamia


Runyenjes
26 Mei 2024

Padre mpendwa,

Asante kwa somo. Kama ungefundisha hivyo altareni watu wasingesinzia. Huku mvua imenyesha vizuri na kuharibu vizuri. Daraja la chini limekwenda, na mtu akitaka kufika sokoni anabebwa na kijana wa boda boda anayevuka maji akiimba wimbo wa mazishi. Kaburi la mama kule Mikinduri limesafishwa, binamu yetu Kobia amenitumia picha. Ametokea yeye kwenye picha kuliko kaburi.

Kijana ana jina, anaitwa Ilhan. Ni fundi wa mashine za hospitali mjini Duisburg, hapo Wawira anapofanya kazi ya uuguzi. Baba yake, Mzee Nurettin, alifanya kazi kiwanda cha chuma mpaka mapafu yakakataa. Mama yake anauza mavazi ya maharusi. Wawira anasema kuna barabara nzima huko, duka baada ya duka la magauni ya harusi, yote ya Waturuki, na watu wanatoka nchi za jirani kuja kununua. Nikamwambia, "Kwa hiyo gauni utapata kwa bei nzuri. Imani je?"

"Mama, Ilhan haendi hata msikitini."

"Hiyo ndiyo sifa yake? Kwamba hata dini yake ameshindwa nayo?"

"Hataki nibadilishe dini, na mimi sitaki abadilishe. Tumeshaongea."

"Mmeongea na nani? Na mimi?"

Akasema ana zamu. Watoto wa siku hizi huwa na zamu maswali yakianza.

Habari zimeshafika kwa Wambeti. Sijui zilipitia wapi, mimi nilimwambia mtu mmoja tu, naye aliapa. Jumapili baada ya misa, mbele ya akina mama wote, Wambeti aliniambia kwa upole sana, "Usijilaumu. Mtoto wa mgeni huvutwa na wageni." Huyo ni shangazi ya mtoto. Nimeolewa hapa nikiwa msichana, nimezaa hapa, nimewafundisha watoto wake kusoma ramani mpaka wakaweza kuondoka nyumbani na wasirudi kumwona. Nikatabasamu na kumwongezea sukari. Ana kisukari.

Siku hizi Wawira hapigi simu. Nadhani ni mtandao wa Ujerumani. Nasikia ni mbovu.

Wazazi wa Ilhan wanataka kuja Desemba, kufuata desturi zetu. Mutegi amekubali bila kuniuliza, mara ya kwanza katika ndoa yetu kufanya jambo upesi. Unajua kwetu na huku Embu ni mamoja. Mtoto haondoki nyumbani bila mjomba wake kusimama na kubariki. Mjomba ni wewe, sina kaka mwingine. Ukikataa mkutano utavunjika kwa heshima, na hakuna atakayenilaumu. Ukija pia sawa. Niambie tu unakuja lini, au hauji kwa nini.

Dada yako,
Karwirwa


Nje ya mji wa La Plata
14 Julai 2024

Dada,

Huku ni baridi ya kupasua mikono. Tunafunika miche kwa nailoni kila jioni na kuifunua asubuhi, kama watoto wachanga wasiolia. Waambie wote nawasalimu, hata Wambeti, na usimwongezee sukari tena.

Mtandao wa Ujerumani uko sawa. Ninajua kwa sababu Wawira ameniandikia, barua yenye stempu kama zetu, nadhani alitaka niichukue kwa uzito. Anasema mara ya mwisho mlipoongea ulimwambia hivi: "Ukija na huyo mtu, shukia kwa shangazi yako Wambeti. Kwangu kuna mbwa." Anasema alingoja ucheke. Hukucheka, ukakata.

Kwa hiyo wewe uliyenunishwa na Wambeti kwa kukuita mgeni umemwona mgeni mwingine akija na ukamfungulia mbwa. Hongera. Sasa wewe ni mwenyeji kamili wa Runyenjes, mwambie Mutegi akuandalie cheti.

Ninakuuliza kwa sababu sielewi. Mturuki amekukosea nini? Usinijibu habari za 1961, hukuwa umezaliwa. Mimi nadhani unaogopa binti yako ataketi katika nyumba ya watu maisha yake yote akitumwa jikoni kuangalia chai. Kama ni hilo, liseme. Ni jambo la maana kuliko makaa ya mawe.

Kuhusu Desemba, sitaweza kuja. Desemba ni wakati wa joto huku na nyanya zinaiva zote pamoja. Isitoshe kuna ruhusa ambazo siwezi kuzipata haraka, na nauli ni jambo jingine. Kobia anaweza kusimama badala yangu. Anapenda kusimama mbele ya watu.

Mpigie mtoto simu.

Ndugu yako,
Muthamia


Runyenjes
22 Septemba 2024

Kwa Muthamia,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika kuhusu mbwa. Mara ya pili nikakasirika kuhusu nyanya. Nikajiuliza, tangu lini padre akakosa harusi ya mtoto wa dada yake kwa ajili ya nyanya?

Wiki iliyopita nilikwenda Mikinduri kwenye misa ya shukrani ya familia ya Kobia. Aliyesoma misa ni Padre Nyamu, yule mliyekuwa naye huko Ajentina, yuko nyumbani kwa likizo. Baada ya misa nikamfuata na sahani yangu ya mukimo, nimevaa ile nguo ya bluu, najivuna. Nikasema, "Padre, mimi ndiye dada yake Padre Muthamia. Unaporudi nataka kumtumia sweta."

Aliniangalia kama daktari anavyomwangalia mtu ambaye majibu yake yameshatoka. Akasema, "Mama, hajakuambia?"

Nikasema, "Ameniambia," kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza. Ikabidi nimwombe tutembee kidogo mpaka kwenye gari lake, na hapo ndipo nikaambiwa habari za ndugu yangu na mtu ambaye si ndugu yangu, nikiwa na sahani mkononi. Kwamba uliacha upadre tangu mwaka jana. Kwamba hukufukuzwa, uliomba mwenyewe. Kwamba unaishi mashambani kwa Wabolivia, si kama mchungaji wao.

Barua zangu zote mwaka huu nimekuita Padre, nawe ukazijibu. Ulinieleza ngazi ya Mbolivia, kibarua, nusu kwa nusu, kukodi, meza ya sokoni, na mimi nikafikiri unaitazama kutoka mlangoni pa kanisa. Uko kidato cha ngapi kwenye hiyo ngazi?

Sina salamu za kukupa leo. Mutegi hajui. Mama yetu hajui kwa sababu amekufa, na hiyo ndiyo bahati pekee uliyo nayo.

Karwirwa


Nje ya mji wa La Plata
3 Novemba 2024

Dada yangu,

Niko nusu kwa nusu.

Nilianza kibarua, sikujua hata kushika jembe vizuri, mtoto wa Mikinduri niliyekulia kwenye miraa. Walinicheka. Walikuwa wakiniita Padre na kunionyesha jinsi ya kufunga vitunguu, kwa sauti ile ile ya heshima waliyotumia kuomba ubatizo. Sasa nina kipande changu, nusu ya mavuno ni ya mwenye shamba. Nalala kwenye nyumba ya mbao. Mvua ya mawe ikinyesha nasikia kila jiwe.

Sikukuambia kwa sababu nyumbani kwetu kulikuwa na picha moja tu ukutani yenye fremu, nayo ni ya siku ya upadrisho wangu. Mama alikuwa anaipangusa kwa shali lake. Nilikuwa nakaa na karatasi, naandika "Dada, nimeacha," halafu naiona ile picha, naandika habari za saladi.

Utauliza kwa nini. Yupo mtu. Anaitwa Justina, mjane, anauza mboga sokoni. Lakini usiseme ni mwanamke aliyenitoa kanisani, kwa sababu hakunitoa. Miaka yangu ya mwisho nilikuwa nasoma misa kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Siku moja baada ya misa Justina aliniambia, "Padre, leo umechoka kuliko sisi, na sisi tumetoka shambani." Nilikwenda nyumbani nikaketi, nikaona ni kweli. Nilimwandikia askofu kabla sijamwambia Justina neno lolote. Nilitaka kuondoka nikiwa sina pa kwenda, ili nijue ninaondoka kwa sababu gani. Roma bado haijanijibu kuhusu ruhusa ya kuoa. Roma haina haraka, haina nyanya.

Sasa sikiliza jambo litakalokufurahisha. Ana mama, anaitwa Primitiva. Hataki kuniona. Aliketi nami chini, akaniuliza maswali kama afisa wa uhamiaji. Hao Wakenya ni watu gani? Wakiwa ugenini hufika wapi? Wana mashamba? Wana soko lao? Nikasema katika mkoa mzima huu sijui kama tunafika wa kujaza benchi. Akasema, "Basi Mparaguai ni afadhali, angalau tunajua tabia zake." Halafu akamwambia Justina mbele yangu, kana kwamba sipo, kwamba binti yake tayari ni mgeni katika nchi hii, na sasa anataka kuolewa na mgeni kuliko wageni wote.

Dada, nilicheka mpaka akaudhika. Nilikuwa nasikia sauti yako kwa Kihispania.

Siwezi kuja Desemba. Nauli ni kweli sina, na karatasi zangu za kukaa huku zilikuwa za upadre, nazibadilisha, nikitoka sasa sirudi. Hiyo ndiyo ruhusa niliyokuwa naizungukazunguka. Nimemwandikia Wawira ukweli wote. Amejibu kwa mstari mmoja: "Mjomba, karibu kwenye chama."

Kama bado wewe ni dada yangu, mpigie mtoto.

Muthamia


Runyenjes
12 Januari 2025

Ndugu yangu Muthamia,

Heri ya mwaka mpya. Kahawa imevunwa, Mutegi amefanyiwa kitu kwenye goti katika hospitali ya Embu na sasa anatembea kuliko tunavyohitaji. Nilimwambia habari zako. Alikuna goti, nikajiandaa kukutetea, jambo ambalo sikuwa nimepanga. Kisha akauliza, "Sasa tumwite nani?" Nikasema tumwite jina lake. Akasema sawa, akaenda kuangalia ng'ombe.

Siku barua yako ilipofika nilimpigia Wawira. Alipokea. Nikasema, "Mbwa amefungwa." Akaanza kulia, na mimi nikamwambia asilie kazini, wagonjwa watadhani wanakufa. Tuliongea mpaka salio likaisha. Nilimwambia kile ulichosema niseme, kuhusu kutumwa jikoni. Akasema, "Mama, mimi nimekuona ukitumwa tangu nikiwa mdogo. Unadhani sikuwa naangalia?" Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikikaguliwa. Mwalimu mzima.

Basi walikuja. Ilhan, mama yake na Mzee Nurettin. Nilikuwa nimetarajia mtu mkubwa mwenye masharubu, kumbe ni mtu mdogo mwenye koti la sufu, anakohoa kwa adabu ndani ya kitambaa. Mama yake Ilhan aliniletea kitambaa cha hariri, akakishika begani mwangu kunipima kwa jicho, kama fundi. Ilhan ni mrefu, mwoga, anasema "shikamoo" kwa kila mtu, hata kwa watoto na mara moja kwa ndama.

Mambo yaliharibika mara moja tu, kwenye mbuzi. Wambeti alikuwa amepanga vijana wachinje mapema. Wawira akasema wageni hawawezi kula mpaka achinje Mwislamu. Wambeti akasema, "Kwani huyo mkwe si Mwislamu? Mpeni kisu." Ilhan alipopewa kisu aligeuka akaangalia mlima, rangi ikamtoka. Basi yule mzee akavua koti, akalikunja vizuri, akachukua kisu kwa mwanawe. Alichinja kwa mkono mmoja safi, anakohoa, akanawa. Wazee wa hapa wakatazamana. Mmoja akasema kwa Kiembu kwamba huyu ni mtu wa kwetu, sema alikwenda mbali.

Kobia alisimama kama mjomba. Alifika na kofia mpya, alichelewa, aliongea kwa muda ambao wewe hukuwahi kuongea hata Pasaka. Lakini alisimama, na alipofika pa kusema kwa nini wewe haupo, alisema, "Mjomba mwenyewe analima ugenini, hawezi kuacha shamba." Sikumwambia aseme hivyo. Ni kweli tupu, na alivyoisema ilisikika kama cheo.

Sasa nikuambie kilichonipata. Kabla ya mazungumzo, Mzee Nurettin aliomba kuona kahawa, nikampeleka, Wawira akawa anatafsiri. Aliniuliza nimekaa hapa tangu lini. Nikasema kabla ya huyu kuzaliwa.

"Na bado wewe ni mgeni," akasema.

Nikamgeukia Wawira. "Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu, Mama."

Mzee akaendelea, taratibu, akimngoja Wawira amalize kila kipande. "Hakuniambia. Nimeona wamekuwekea kiti mlangoni, karibu na jikoni. Hicho kiti nakijua. Pale kiwandani, kila Krismasi, walikuwa wananiwekea hicho hicho. Watu wazuri, wananipenda, wananiletea keki. Lakini kiti kiko mlangoni."

Nikamuuliza alifanya nini.

"Nilikalia mpaka nikastaafu," akasema. "Mke wangu alikataa. Alifungua duka, akaweka viti vyake."

Muthamia, sijui nikuelezeje. Utafiti wangu wote ule, madarasa, karatasi, nyumba, hakuna mahali palipoandikwa habari za kiti. Nilimwangalia yule mtu aliyechuma kikohozi chake kwa chuma cha Wajerumani, nikaona ndiye mtu wa kwanza tangu nifike Runyenjes kuona nilipoketi.

Tuliporudi nilichukua kile kiti, nikapita nacho katikati ya watu wote, nikakiweka kando ya Mutegi, mbele, wanapokaa wazee. Wambeti akasema, "Mama Wawira, hapo ni pa wazee."

Nikasema, "Na mimi nimezeeka. Angalia chai kama imechemka."

Mutegi akasogeza kiti chake kunipa nafasi zaidi. Goti lilikuwa linamuuma, nilimwona, lakini alisogea. Wambeti alikwenda jikoni. Baadaye alirudi na kikombe changu kimewekwa sukari nyingi, nadhani ni kisasi, nikanywa chote.

Wataoana huko kwao mwezi wa nne, kwa serikali. Ya kanisa tutaona. Sijaridhika na kila kitu, usidhani nimeokoka. Bado nataka kujua wajukuu watabatizwa au la, na kila nikiuliza Wawira ana zamu.

Sasa nina kazi moja kwako. Nipe anwani ya huyo Primitiva na umtafute mtu wa kumsomea. Nitamwandikia mwenyewe, mama kwa mama. Sitamdanganya. Nitamwambia huna shamba, huna soko, Wakenya wenzako huko hawajazi benchi, uliacha kazi ukiwa mtu mzima na huwezi kufunga vitunguu bila kuchekwa. Nitamwambia pia kwamba maswali yake ni mazuri sana, kwa sababu niliyauliza mimi, na kwamba majibu yalipokuja nyumbani kwangu yalikuwa yamevaa koti la sufu na yalijua kuchinja. Kisha nitamuuliza anapokwenda kutembelea watu huko Ajentina huwa wanamkalisha wapi.

Andika jina lake vizuri, nisikosee.

Dada yako,
Karwirwa